Picha za Mazishi ya Gaceri Zilivyokwenda Uskoti

Mambo yote yaliharibika Jumatano, tarehe kumi na saba Novemba mwaka wa 1999, saa nne na robo asubuhi, pale Theuri alipoweka albamu ya mazishi ya mkewe juu ya meza ya Monicah, akafungua ukurasa wa kwanza, akasema, "Tuma yote."

Kabla ya hapo mambo yalikuwa mabaya pia, lakini kwa ubaya wa kawaida, ule ambao mkulima wa kijiji cha Wamagana huamka nao, akaunywea chai, akaenda nao shambani. Mke amekufa. Kahawa haina bei. Barabara imeahidiwa lami tangu Theuri akiwa na meno yote. Haya aliyazoea. Kila moja alijua ni la nani: wakubwa. Mvua ikichelewa, Theuri alisema wakubwa wamekata misitu. Ikizidi, alisema wamekula pesa za mitaro.

Ofisi ya Monicah ilikuwa ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo mjini Nyeri. Kazi yake ilikuwa kupiga chapa barua za kuomba kazi na kadi za harusi. Mwaka huo alikuwa ameongeza kazi mpya ya imeli, yaani barua inayopita ndani ya waya wa simu. Kompyuta ilikuwa moja, na jioni aliifunika kwa kitambaa cha kufumwa kama kile wanawake wanachofunikia redio sebuleni. Kando yake kulikuwa na mashine bapa ya kunakili picha, na kisanduku kidogo ambacho kila kilipopiga simu kililia kama paka aliyekanyagwa mkia.

"Yote, baba?" Monicah aliuliza. "Hizi ni picha thelathini na sita."

"Roli nzima. Ya pili nimeiacha nyumbani. Ukitaka naleta."

Monicah alichukua ile karatasi aliyokuwa amempa jana, barua kutoka kwa Warigia, bintiye Theuri, aliyekuwa Uskoti akisomea uuguzi. Akaisoma tena kwa sauti, polepole, maana alijua mzee shule yake iliishia darasa la nne, na hata huko darasa la nne alikaa zaidi nje akichunga ng'ombe wa mwalimu.

"Baba, kanisa la huku wananilipia masomo kwa sababu mimi sina mama. Sasa wanataka uthibitisho kwamba mama alifariki. Kama cheti cha kifo bado hakijapatikana, mwambie mchungaji aandike barua fupi. Ifike kabla ya Ijumaa saa sita mchana ya huku, ambayo ni saa tisa huko. Isipofika, nafasi yangu inapewa msichana mwingine na mimi narudi nyumbani kabla ya Krismasi. Baba, karatasi moja tu."

"Karatasi moja," Monicah alirudia, akimtazama.

"Mwanangu," Theuri alisema, "wewe uliwahi kuona wapi ofisi imekubali karatasi moja?"

Monicah hakuwahi kuona.

Theuri alikuwa na miaka mitatu ya ushahidi. Gaceri alikufa Juni ya 1996, nyumbani, kwa ugonjwa wa kifua. Mtu akifia nyumbani, anayeandika kifo chake ni chifu. Chifu Mutahi alipopelekewa habari alisema kitabu cha fomu kimeisha. "Mzikeni tu, mzee. Tutaandika baadaye." Wakamzika. Baadaye ikafika, kitabu hakijafika. Kitabu kikafika, karani yuko likizo. Karani akarudi, ikatakiwa barua ya mchungaji. Barua ya mchungaji ikapelekwa, ikasemwa mchungaji si serikali. Wakatakiwa mashahidi wawili waliouona mwili. Theuri akapeleka wanne. Mwisho wa yote, Chifu Mutahi akavua miwani, akamwambia kwa huruma kabisa, "Mzee, nimetafuta sana. Ofisi yangu haina habari ya kifo hicho."

Chifu huyo huyo alikuwa amehutubia mazishi hayo kwa saa nzima. Aliongea juu ya pombe haramu, juu ya kupanda nyasi kwenye kingo za matuta, na mwishoni kabisa, kama mtu aliyekumbushwa, juu ya marehemu.

Kwa hivyo Theuri hakuwa amekuja na karatasi. Alikuja na albamu. Kwao mtu hazikwi bila mpiga picha. Kabla jeneza halijateremshwa, msema-mambo, yule anayeongoza shughuli, huita makundi, moja baada ya jingine, na kila kundi husimama nyuma ya jeneza na kukazana kuwa na huzuni: watoto, wakwe, majirani wa kigongo kile, kwaya, wachuna chai, na watu wa kwao Gaceri waliotoka Meru, ambao walipigwa mara mbili kwa sababu mara ya kwanza mjomba alifumba macho. Ilikuwa ni desturi, na Theuri aliiona ya upuuzi mpaka siku alipogundua jambo moja. Katika kila picha, bila kuitwa na kundi lolote, alikuwapo Chifu Mutahi, kofia kichwani, beji ikimeremeta, mkono mmoja juu ya jeneza.

"Huyu," Theuri alisema akigonga picha kwa kidole, "wakimwona huyu watajua mtu amekufa kiserikali."

"Basi tutume moja, baba. Moja inatosha."

"Moja watasema ni bahati. Tuma yote."

Monicah alijaribu kueleza. Alisema picha ni nzito.

"Nzito? Albamu nzima nimeibeba kwapani kutoka stendi mpaka hapa."

"Si uzito wa mkono. Laini ya simu ni nyembamba, baba. Barua inapita kama kifaranga. Picha ya rangi ni kama kupitisha ng'ombe kwenye mlango wa kuku."

"Ng'ombe akisukumwa hupita."

"Ama niipunguze. Nifanye ndogo, bila rangi, ipite haraka."

Hapo Theuri alisimama. "Kupunguza! Walinipunguzia bei ya kahawa. Walipunguza dawa pale zahanati mpaka tukapewa maji ya chumvi. Hata kilo ya mbolea imepunguzwa. Mke wangu hapunguzwi. Weka rangi zote, na hiyo beji ya kofia isomeke."

Mteja ni mteja. Monicah akaweka picha ya kwanza kwenye mashine, mwanga wa kijani ukapita taratibu chini ya kifuniko kama mtu anayetafuta sindano kwa tochi. Kisanduku kikalia paka wake. Kwenye kioo ukatokea mstari wa bluu ukianza kusogea, na Theuri akavuta kiti, akakaa, akautazama mstari ule kama mtu anavyotazama sufuria ya githeri iliyo kwenye moto mdogo.

Picha moja ilichukua dakika ishirini na kitu. Ya tatu ilifika karibu na mwisho, laini ikakatika, ikabidi ianzwe upya. "Wakubwa," Theuri alisema. Ya tano ikakatika mara mbili. Mwalimu mmoja aliyekuja kupigiwa chapa mtihani alingoja, akachoka, akaenda zake. Kufika saa kumi na moja jioni walikuwa wametuma picha tisa, na Monicah alikuwa amewafahamu jamaa wote wa marehemu kwa sura.

Kwenye picha ya nane alikuwa ameuliza, "Na mama mwenyewe? Sijamwona."

"Yuko ndani ya sanduku. Ulitaka awe wapi?"

"Namaanisha ile picha yake ya uso, ile huwekwa juu ya jeneza."

Theuri akainamia albamu. Picha hiyo ilikuwapo. Waliikuza kutoka kwenye kitambulisho, wakaiwekea fremu ya dhahabu ya plastiki. Akapekua ukurasa mmoja, akapekua wa pili na wa tatu. Katika kila picha, pale fremu ilipotakiwa kuonekana, palikuwa na tumbo la Chifu Mutahi.

Alifunga albamu, akasema atarudi kesho.

*

Alhamisi alikuta ngazi za Monicah zimejaa kina mama. Habari kwamba mazishi ya Gaceri yanatumwa Uskoti ilikuwa imefika Wamagana kabla ya Theuri mwenyewe, na huko ikalala, ikaamka imenona. Mbele yao alikuwa Wacera, mwenyekiti wa Guild, chama cha kina mama wa kanisa, amevaa kitambaa chake cha Jumapili siku ya Alhamisi.

"Baba Warigia, sisi umetukosea," alianza kabla hata ya salamu. "Tumesikia kwaya imeenda."

"Imeenda."

"Wachuna chai wameenda?"

"Wameenda jana jioni."

"Na sisi? Nani alipika? Nani alikesha na wewe siku nne? Hao kwaya waliimba wimbo mmoja wakaenda kula! Sasa Uskoti, watu wenyewe waliotuletea dini, wataona Gaceri alizikwa na kwaya, ati kina mama hawakuwepo?"

"Nyinyi mko kwenye roli ya pili."

"Roli ya pili ni ya nani? Ya watu wa pili?" Akafungua kikapu, akatoa bahasha. "Nimekuja na yangu. Hii hapa. Tuko kumi na saba, na hakuna aliyefumba macho."

Monicah akasema kwa upole kwamba siku zinaisha na barua ya mchungaji bado haijaandikwa.

"Wewe kasichana," Wacera alimwambia, "unajua Guild ni nini?"

Monicah hakuhitaji kuambiwa mara ya pili.

Basi siku ile ikaenda hivyo. Mawingu yalishuka mpaka mlima ukafutika, mvua ikapiga mabati ya soko, laini ikawa inakohoa. Hata hivyo picha zikasonga: ya kumi, ya kumi na tano, ya ishirini. Theuri alianza kuona raha ambayo hakuwa ameitarajia. Miaka mitatu alikuwa ameomba, na kila ofisi ilikuwa imemwambia alete kingine. Leo ndiye aliyekuwa akileta, na hakuna aliyemwambia basi. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuwa na ushahidi mwingi kuliko ulivyoombwa, na aliumimina kama mtu anayelipiza.

Ya ishirini na moja ilipita saa nane. Ya ishirini na mbili ilikuwa ya kina mama wa Guild. Ilipanda polepole, wao wenyewe wakiwa nyuma ya kiti cha Monicah wakiushangilia mstari wa bluu. Ukafika mwisho. Wakapiga vigelegele, vitano, kama vya mtoto wa kiume.

Baada ya robo saa, kompyuta ikapokea kitu. Kitu hicho kilikuwa kizito na kilichukua dakika ishirini kuingia. Kilipoingia chote, Monicah alikitazama akaweka mkono mdomoni.

"Ni nini?" Theuri aliuliza.

"Ni kina mama. Wamerudishwa."

"Kurudishwa na nani?" Wacera alidakia. "Uskoti wamekataa Guild?"

"Hawajakataa, mama. Sanduku la barua la yule mama wa ofisi ya kanisa kule, tunayemtumia, limejaa. Hakuna kitu kinaingia tena."

"Limejaa nini?"

Monicah alimtazama Theuri, kisha albamu. "Sisi," akasema.

Kabla hawajamaliza kubishana, ikaingia barua nyingine, nyepesi, ya Warigia, aliyekuwa na sanduku lake mwenyewe kule chuoni. Monicah aliisoma huku shingo yake ikizama mabegani.

"Baba, mmetuma nini? Mama wa ofisi hawezi kupokea barua ya mtu yeyote tangu saa tano asubuhi ya huku. Kuna wasichana wanaoomba nafasi kutoka Ghana na India na barua zao zinarudi. Wananiuliza mimi. Baba, nilisema karatasi moja. Tafadhali, barua ya mchungaji peke yake. Kesho saa tisa yenu ndiyo mwisho."

Kina mama wakaanza kukumbuka ng'ombe hawajakamuliwa. Wacera alifunga kikapu chake. "Ningejua kwamba kwaya ndiyo imejaza sanduku, ningekuja jana."

*

Ijumaa saa tatu asubuhi Mchungaji Hezekiah aliingia, makoti mawili, mwavuli mmoja, na barua mfukoni. Ilikuwa na mistari minne. Mimi ninathibitisha kwamba niliendesha ibada ya mazishi ya Gaceri, mke wa Theuri, mama wa Warigia, mwezi wa sita mwaka wa 1996. Monicah aliipiga chapa kwa dakika tatu, akaituma. Iliondoka kama mtu aliyesukumwa, kisanduku hakikumaliza hata kulia.

Ikarudi vilevile.

"Bado limejaa," Monicah alisema. "Huko ni alfajiri, ofisi haijafunguliwa."

"Basi toa picha zangu, uweke barua," Theuri alisema.

"Siwezi, baba. Zikishatoka hapa si zetu tena. Ni yule mama peke yake anaweza kuzitoa."

"Yaani mimi nimeweka, na siwezi kutoa?"

"Ndiyo."

Theuri alifikiri kidogo. "Hiyo ni kama kura," akasema.

Mchungaji alikohoa kuficha kicheko. Kisha akauliza kwa upole, "Ndugu Theuri, kwa nini hukunijia Jumatano? Mistari minne tu. Ningeiandika nimesimama."

Theuri angelijibu hilo kwa ukweli, angesema kitu ambacho hakukipenda: kwamba miaka mitatu ya kuambiwa leta hiki, leta kile, ilikuwa imemfundisha kazi hiyo hiyo. Kwamba alikuwa amekaa juu ya kiti cha Monicah siku mbili akimfanyia msichana wa watu kile karani wa chifu alichomfanyia yeye. Badala yake akasema, "Ni wakubwa, Mchungaji. Ndio waliharibu watu tukasahau neno moja linatosha."

Monicah akamwandikia Warigia: kimbia mpaka ofisini, mwombe mama atoe picha. Wakangoja. Saa sita na nusu jibu likaja.

"Naandika kwenye kompyuta iliyo nyuma ya kiti chake. Nimemwomba azifute zote mara moja, amekataa. Anasema si heshima kutupa mazishi ya mtu bila kuyatazama. Anafungua moja moja. Yuko ya nne. Ameniuliza kila mtu ni nani. Baba, nilikuwa sijaziona hizi picha tangu siku ile."

Theuri aliomba isomwe tena hayo maneno ya mwisho. Monicah akayasoma. Mzee akageukia dirisha akaitazama mvua kwa muda mrefu, na mara hii hakusema ni ya nani.

Saa nane na dakika kumi: "Amemaliza. Sanduku liko wazi. Tuma barua SASA."

Monicah aliituma. Wote watatu waliinama mbele ya kioo mpaka wakagongana vichwa. Dakika moja. Mbili. Tano. Haikurudi. Saa nane na dakika ishirini Mchungaji Hezekiah akavua kofia akasema Mungu asifiwe, Monicah akapiga makofi, na Theuri, mtu ambaye majirani hawakuwa wamemwona akicheka tangu mazishi, alicheka mpaka akashika meza.

Katikati ya kicheko hicho mlango ukafunguliwa, akaingia Chifu Mutahi na askari mmoja.

"Nani," Chifu alisema, "ametoa ruhusa ya kutuma picha ya serikali ng'ambo?"

Kicheko kikafa. Monicah aliinuka, akakaa, akainuka tena.

"Karibu, Chifu," Mchungaji alisema. "Ni picha za mazishi tu."

"Mazishi ni yenu, lakini mimi ni wa serikali. Nimeambiwa na kina mama nimeenda Uskoti mara ishirini na moja. Na beji! Mnajua watu wa huko wanaweza kufanya nini na beji ya serikali?"

"Hawataifanya kitu," Theuri alisema. "Hata hapa haijafanya kitu."

Askari alitazama dari.

"Mzee Theuri, mimi na wewe tumeheshimiana."

"Tumeheshimiana sana, Chifu. Miaka mitatu nimekuheshimu kila Jumatatu kwenye benchi la nje ya ofisi yako. Hebu niambie kitu kimoja, na wageni wakisikia. Hii picha, si ni wewe?"

Chifu akachungulia albamu. Alijiangalia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akanyoosha kola. "Ni mimi."

"Na mkono huu?"

"Ni wangu."

"Uko juu ya nini?"

"Jeneza."

"Basi kifo unakijua."

"Mimi nakijua," Chifu alisema, kama mtu anayemfundisha mtoto. "Ofisi ndiyo haikijui. Siku hiyo nilikuja kibinafsi. Kama rafiki wa boma lenu."

"Na kofia? Nayo ilikuja kama rafiki?"

Mchungaji alikohoa tena, safari hii kwa muda mrefu.

"Mzee, sikiliza. Nikiandika leo kwamba nilijua tangu mwaka wa tisini na sita, nitaulizwa mbona sikuandika mwaka wa tisini na sita. Nikiandika kwamba nimejua leo, nitaulizwa nilikuwa wapi. Sasa mimi niandike nini? Hii si ubaya. Ni utaratibu."

"Ni sawa, Chifu," Theuri alisema, na kwa kweli siku hiyo aliweza kuwa mkarimu. "Keti unywe chai. Hatukuhitaji tena. Barua ya Mchungaji imepita."

Chifu, aliyekuja kugombana, alijikuta ameketi na kikombe mkononi. Akaomba albamu. Akawa anapekua, akimwonyesha askari: hapa nilikuwa mwembamba, hapa ni koti lile la zamani. Saa nane na dakika arobaini na tatu kisanduku kikalia paka, kompyuta ikapokea barua. Haikuwa ya Warigia. Ilikuwa ya mama wa ofisi mwenyewe, kwa Kiingereza. Monicah aliisoma kimya kwanza. Wote walimwona akiisoma kimya, na hakuna habari njema inayosomwa hivyo.

"Soma, mwanangu," Theuri alisema.

Monicah akaisoma kwa Kiswahili, neno kwa neno, akisimama kila mstari.

"Bwana Theuri mpendwa. Nimetazama picha zote ishirini na moja na ninakupa pole. Ninaona mke wako alipendwa na watu wengi. Barua ya mchungaji nimeipata, nashukuru. Lakini kuna tatizo ambalo lazima nikueleze. Kanuni yetu inasema barua ya kanisa inakubaliwa pale tu ambapo hapakuwa na mtu wa serikali aliyeshuhudia. Kabla ya kuona picha ningeikubali bila swali. Sasa nimeona picha, na siwezi kujifanya sikuona. Yuko afisa mwenye kofia katika kila moja. Binti yako ameniambia ndiye serikali ya eneo lenu."

Theuri alikaa chini. Hakuna aliyemsogezea kiti. Kwa bahati kilikuwapo.

"Endelea," akasema.

"Mimi sihitaji cheti. Nahitaji mstari mmoja kutoka kwa afisa huyo, na jina lake. Nimeomba wakubwa wangu wanipe muda zaidi, wamekataa, kwa hivyo ni mpaka saa sita, kama dakika kumi na tano kutoka sasa. Warigia yuko hapa kando yangu. Nisamehe kwa kuuliza jambo ambalo labda kwenu ni wazi, lakini mimi silielewi. Kama afisa huyu alikuwapo siku hiyo tangu mwanzo hadi mwisho, ni kitu gani kimemzuia miaka hii yote kuandika mstari mmoja?"

Monicah alimaliza. Chini, kwenye duka la dawa za mifugo, mtu alikuwa anaulizia dawa ya kupe, na sauti yake ilisikika juu kama yumo chumbani.

Askari alimtazama Chifu. Mchungaji alimtazama Chifu. Chifu Mutahi alikitazama kikombe, akakuta chai imekwisha, akaendelea kukitazama. Albamu ilikuwa bado imefunguka magotini mwake. Saa ya ukutani ilisema saa nane na dakika hamsini na moja.

Monicah aligeuza kiti, akafungua ukurasa mtupu, akaweka vidole juu ya vibonye. "Chifu," aliuliza, "niandike nini?"

Chifu akavua kofia, akaigeuza, akaichungulia ndani kama mtu aliyeweka kitu humo zamani akasahau ni kitu gani.

Theuri aliinuka, akavuka chumba, akasimama mbele yake. Wote walitarajia matusi, hata askari alijiweka sawa. Lakini mzee aliongea polepole, kwa sauti ya upole ambayo hakuna mtu wa serikali aliyewahi kuisikia kutoka kwake.

"Ndugu yangu, mama wa watu anangoja na mtoto wangu amesimama kando yake. Mwambie tu. Siku ile, ulikuwa unamzika nani?"